Harry, Mtumwa wa Washington

Kwa Kiswahili chetu cha Kenya, mlowezi ni yule mzungu aliyekuja kujimegea mashamba Bonde la Ufa. Ndiyo maana vita vya uhuru vya Marekani hunichanganya kila nikivisoma. Kule walowezi ndio wapigania uhuru! Walichoka kutozwa ushuru na bunge la London ambalo hawakuwa na mjumbe hata mmoja ndani yake, wakashika bunduki 1775, na Julai 1776 wakatangaza kuwa watu wote wameumbwa sawa.

Hao "wote" ni kina nani? Muulize Harry.

Harry alizaliwa Afrika Magharibi, karibu na Mto Gambia, akavushwa Atlantiki na kuuzwa. Mwaka 1763 alinunuliwa na George Washington. Ndiyo, huyo huyo wa noti ya dola. Harry alitoroka 1771, akakamatwa, akarudishwa.

Kisha, Novemba 1775, Lord Dunmore, gavana wa Mwingereza huko Virginia, akatangaza kwamba watumwa wa waasi wakija kupigana upande wa mfalme watakuwa huru. Tusidanganyane, Dunmore hakuwa malaika. Alikuwa na watumwa wake na hao tangazo halikuwahusu. Alitaka askari, na alitaka mabwana wakose usingizi. Lakini kwa mtu aliyefungiwa, mlango ukifunguliwa hangoji kuuliza nia ya aliyeufungua. Maelfu walitoroka. Wengi walikufa kwa ndui wakiwa kwa Dunmore. Harry alijiunga nao 1776 na akaponea.

Vita vilipokuwa vinaisha 1783, Washington alimwandikia ajenti mmoja New York amsakie watumwa wake waliotoroka. Pia alikutana na jenerali Guy Carleton kumdai warudishwe. Carleton alikataa, akisema walioahidiwa uhuru hawawezi kurudishwa. Majina ya karibu watu 3,000 yakaandikwa kwenye daftari kabla ya kupanda meli. Harry yumo, miaka 43. Yaani jenerali aliyewashinda Waingereza alishindwa kumpata mtunza farasi wake.

Meli iliwapeleka Nova Scotia, Kanada ya leo. Baridi kali, mawe matupu, na mashamba waliyoahidiwa wengi hawakuyaona. Kwa hiyo 1792 watu kama 1,200, Harry akiwemo, wakavuka bahari tena hadi Sierra Leone, wakaanzisha Freetown. John Clarkson, ofisa aliyewaongoza, alikuwa amewaahidi ardhi isiyo na kodi.

Mwenye mji, hata hivyo, alikuwa kampuni yenye wakurugenzi London, na kampuni haikujali ahadi ya Clarkson. Ikaanza kudai kodi ya ardhi. Watu wakagoma kulipa. Ilipofika Septemba 1800 baadhi yao walikuwa wameandika sheria zao wenyewe na kuzibandika hadharani. Kampuni ikaita wanajeshi. Wawili walinyongwa, wengine wakafukuzwa.

Washington alikuwa amefariki Desemba 1799, baba wa taifa, kwa kukataa ushuru wa London. Harry, kwa kukataa kodi ya London, alihukumiwa kama mwasi na kuhamishwa ng'ambo ya mto, upande wa Bullom. Alikuwa na miaka 60 hivi.