Kuusia si Kurithisha

Kitenzi cha Kiingereza bequeath kimezeeka. Mitaani hakisikiki, hata London kwenyewe. Kinachokiweka hai ni hati za mawakili, pale mtu anapoeleza kwamba akifa, mali fulani apewe fulani. Magazeti yetu hukitafsiri "kurithisha". Naona hapo tunapotea.

Asili yake ni kusema. Katika Kiingereza cha kale kilimaanisha kutamka, nacho ni ndugu wa quoth, yaani "alisema", kitenzi kingine kilichokwisha kufa. Baadaye mawakili wakagawa kazi: bequeath kikawa cha vitu vinavyohamishika, na ardhi ikapewa kitenzi chake, devise. Mpaka huo haukuheshimiwa sana. Katika wosia wa Shakespeare wa mwaka 1616, nyumba ya New Place anayoachiwa binti yake Susanna imerundikiwa vitenzi vinne, hivyo viwili vikiwemo. Mkewe aliachiwa kitanda, tena kile cha daraja la pili, na kwake kilitosha kitenzi kimoja tu: kutoa.

Kwetu kuna kuusia, neno lenye asili ya Kiarabu, na lenyewe pia ni la kinywa. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utenzi mwaka 1858 alikuwa akimwusia, wala si kumgawia mashamba; ni mawaidha matupu. Upana huo ndio unaowatia watafsiri wasiwasi, kwamba msomaji hatajua kama ni nasaha au mali. Wasiwasi wa bure. "Alimwusia shamba" na "alimwusia avumilie" hazichanganyiki masikioni mwa Mswahili yeyote.

Kurithisha ni jambo jingine. Mtu hurithisha hata akifa bila kusema neno, maana urithi hufuata damu na sheria. Kuusia kunataka kauli ya mwenye mali angali hai. Katika sheria ya Kiislamu tofauti hii ina uzito wa fedha: mirathi ina mafungu yake yaliyokwisha kuwekwa, lakini wasia haupiti theluthi ya mali, na mrithi hawezi kuusiwa ila warithi wenzake waridhie. Anayeandika kwamba marehemu "alimrithisha rafiki yake theluthi" amevuruga milango miwili ya sheria kwa neno moja.

Uingereza iliubana wosia kwa sheria ya mwaka 1837: uandikwe, utiwe saini, uwe na mashahidi wawili. Kenya, katika Sheria ya Urithi, Sura ya 160, bado inaupokea wosia wa mdomo uliotamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, mradi aliyeutoa afariki ndani ya miezi mitatu. Kwenye kauli ya mdomo kama hiyo ndiko bequeath kilikotoka.

Basi, mtafsiri mwenzangu, ukikiona kitenzi hicho kwenye hati, andika kuusia. Aliyeandika wosia mwite mwusia, na aliyeachiwa mali mwite mwusiwa.