Rhode Island Red, kuku wa wakulima

Mwaka 1854 nahodha William Tripp alinunua jogoo mwekundu wa Kimalei kwa baharia mmoja huko New Bedford, Massachusetts. Enzi hizo meli zilirudi Marekani na kuku wa Asia wenye miili mikubwa. Tripp alimwachia jogoo huyo matetea wake wa nyumbani, akagundua kwamba watoto wao wanataga zaidi kuliko mama zao. Akashirikiana na John Macomber, na kwa miaka mingi kuku hao wakaitwa kwa majina ya wawili hao.

Kazi iliyobaki ilifanywa na wakulima wa Little Compton, jimboni Rhode Island. Hawakufuga kwa ajili ya mashindano ya urembo. Walitaka kuku wa kustahimili baridi, atage vizuri, na akichinjwa ajaze chungu. Jina la leo linahusishwa na Isaac Wilbour, mfugaji mkubwa wa hapo. Mwaka 1904 chama cha wafugaji wa kuku cha Marekani kikamtambua kuku huyu rasmi, na mwaka 1954 akawa ndege wa jimbo.

Kuku wa asili ya zamani humkosi. Mwili wake ni mrefu, mgongo umenyooka, umbo kama tofali. Manyoya ni mekundu yaliyokolea hadi kukaribia weusi, mkia ni mweusi wenye mng'ao wa kijani, miguu ya njano. Jogoo hufikia kilo 3.9, tetea kilo 2.9, na yai ni la kahawia.

Kisha viwanda vikatenganisha kazi zake: kuku wa nyama huku, wa mayai kule. Damu yake ilibaki upande wa mayai. Jogoo wake akipandishwa kwa matetea weupe wa aina fulani, vifaranga vya kike hutoka vyekundu na vya kiume vyeupe, hivyo hutambulika siku ile ile ya kuanguliwa. Ni faida kubwa kwa mwenye kiwanda, lakini aina iliyochaguliwa kwa mayai tu imekonda na rangi imepauka.

Afrika Mashariki wengi tumemjua kupitia majogoo waliosambazwa vijijini kuboresha kuku wa kienyeji. Chotara wake hukua haraka na kutaga zaidi, ila tetea wengi wa damu hii hawapendi kuatamia. Kwa hiyo, mfugaji, ukinunua vifaranga kwa jina hili, uliza kwanza wazazi wao ni wa aina gani, na usiuze matetea wako wote wa kienyeji: hao ndio watakaokulalia mayai.