Usiku ule wa mabomu

Ilikuwa Jumatano, Februari 2011, kama saa 2 na nusu usiku. Wengine tulikuwa mezani, wengine bado walikuwa kwenye daladala. Mlio wa kwanza tulidhani transfoma imelipuka. Wa pili ukatikisa mabati. Wa tatu ukaangaza anga lote upande wa kambi ya jeshi yenye ghala la silaha, na hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa: milipuko ya ghala la silaha la Mbagala ya 2009 tulikuwa hatujaisahau.

Saa 3, barabara ya kuelekea mjini haipitiki kwa watu. Mama mmoja ana mtoto mgongoni na sufuria ya wali mkononi, mfuniko umefungwa kwa khanga. Vyuma vinapita juu yetu vikipiga mluzi. Waliopotezana na watoto wao gizani wanataka kurudi, umati unawasukuma mbele.

Saa 4 uwanja wa ndege umeshafungwa.

Saa 6, Uwanja wa Uhuru. Maelfu wamejilaza popote palipo na nafasi, na majina ya watoto yanaitwa bila kukoma.

Kulipokucha tukarudi kutazama. Zaidi ya watu 20 walikufa usiku ule. Uani kwa jirani kombora lilikuwa limelala kando ya ndoo ya maji, zima, halijalipuka, na watoto wameshalizunguka. Mzee mmoja aliwafukuza kwa fimbo mpaka wanajeshi wakaja. Mpaka leo namshukuru.

Baadaye nilitaka kujua silaha zilizolala ghalani huzeekaje. Baruti inayorusha makombora hutokana na nitroselulosi, ambayo huoza yenyewe polepole. Kiwandani hutiwa dawa, kwa mfano difenilamini, ya kunyonya gesi za kuoza huko. Dawa ikiisha, joto linaweza kujikusanya ndani ya baruti hadi iwake bila kuguswa na mtu, na ghala likiwa na joto, dawa huisha mapema zaidi. Ndiyo maana sampuli inapaswa kupimwa maabara mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka, hata kama sanduku linaonekana jipya.

Silaha iliyochakaa haifai kutupwa baharini, wala kulipuliwa ovyo shimoni, maana mabaki ya kilipuzi kama RDX hupenya udongo hadi kwenye maji ya visima. Kuna njia salama zaidi. Kombora hufunguliwa na mafundi, likapitishiwa mvuke. TNT, kilipuzi kilichomo ndani, huyeyuka kwenye nyuzi 80 hivi za Selsiasi, ikamiminika nje kama uji. Fyuzi na vipande vidogo huchomwa katika tanuri lililofungwa, moshi ukachujwa. Maganda ya shaba na chuma huyeyushwa yakatumika tena.

Kazi hiyo ina gharama, najua. Lakini kambi iliyozungukwa na nyumba za watu inapaswa kuwa na orodha ya umri wa kila shehena, na iliyopitwa na muda iondolewe kabla ya miezi ya joto. Sisi majirani tuna haki ya kuuliza baruti hiyo mara ya mwisho ilipimwa lini, na kujibiwa.