Siku Mbili za Baba

Katika maternite yoyote ya Butembo, alfajiri ikishapambazuka na ukungu wa mlimani ungali umelala juu ya mabati, muuguzi huandika juu ya karatasi ndogo jina la mama, siku na saa ya kuzaliwa, jinsi ya mtoto na uzito wake kwa gramu, akagonga muhuri, akaikabidhi kwa mama mkwe aliyekuja na sufuria ya uji. Na baba, aliyeketi nje juu ya tofali tangu usiku wa manane, huipokea mwisho kuliko wote, akaikunja mara nne na kuitia katika mfuko wa shati. Karatasi hiyo, isiyozidi kiganja cha mkono, ndiyo atakayoiweka mbele ya mwajiri wake, awe ni mwalimu, mlinzi, dereva au karani wa ghala la kahawa, ili apewe siku mbili ambazo sheria ya nchi imemjalia. Nimeona mara nyingi, na safari moja yalinifika mwenyewe, mkuu wa wafanyakazi akiigeuza upande huu na upande huu kama mtu akaguaye noti iliyochakaa, kisha akasema: «Papa, hii ni ya mama. Yako iko wapi?» Siku ile nilighadhibika, lakini nilipolitafakari swali lile baadaye, niliona kuwa halikuanzia mezani pake, na kwamba lina umri mkubwa kuliko yeye na mimi.

Sheria yenyewe ni fupi. Kanuni ya Kazi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotiwa saini tarehe 16 Oktoba 2002 kwa nambari 015/2002, humpa mama majuma 14 ya mapumziko ya uzazi, na katika kifungu chake cha 146 humpa baba siku mbili za kazi mkewe anapojifungua, ikiziweka siku hizo katika safu moja na siku za arusi na siku za msiba. Kifungu hicho huhesabu matukio na siku. Jina la karatasi halimo. Hapo ndipo penye upenyo, na katika upenyo huo kila mwajiri wa Beni na Butembo amejenga mlango wake, mwingine mpana wa kupita gari, mwingine mwembamba wa kupita paka.

Kabla ya zama za karatasi, uzazi katika nchi ya Wayira, ambao vitabu vya serikali viliwaita Wanande, ulithibitishwa na watu. Mkunga na mama mkwe na majirani walikuwa mashahidi, na shahada yao haikuwa na rufaa. Zaidi ya hayo, mtoto alipewa jina lililo hesabu: mwana wa kiume wa kwanza aghalabu ni Paluku au Mumbere, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, binti wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira, na Muhindo, au Kahindo akiwa wa kike, ni yule aliyekuja kuugeuza mfululizo, wa kiume baada ya wa kike au wa kike baada ya wa kiume. Aliyesikia kuwa kwa fulani amezaliwa Kakule hakuhitaji daftari ili ajue wana wa kiume wamefika wangapi. Ubaba nao ulikuwa na dalili yake, nayo ni mbuzi wa mahari: wakishahesabiwa mbele ya wazee wa pande mbili, hapakuwa na mtu wa kumuuliza baba: «Yako iko wapi?»

Mwandishi wa kwanza aliyetaka kuyajua mambo hayo kwa kalamu alikuwa mtoza kodi. Tangu mwaka 1910 serikali ya Wabelgiji iliwatoza wanaume kodi ya kichwa, na aliyekuwa na wake zaidi ya mmoja alitozwa nyongeza kwa ajili yao. Kwa hiyo mke aliingia katika daftari la dola kama fungu la fedha kabla hajaingia kama mzazi, na mume mwerevu alikuwa na kila sababu ya kumficha. Tena kwa dikrii ya tarehe 4 Aprili 1950, ndoa yoyote ya mke wa pili iliyofungwa kuanzia tarehe 1 Januari 1951 ikahesabiwa kuwa batili. Neno «mke», likitamkwa na ofisi, likawa tangu wakati huo halina budi kufuatwa na swali: yupi? Na swali hilo ndilo, kwa maoni yangu, babu wa lile nililoulizwa mimi.

Daftari la pili lilikuwa la kanisa. Mapadre Waasumpsioni waliingia nchi hii mwaka 1929, na Beni ikafanywa vikarieti mwaka 1938 chini ya Askofu Henri Piérard, kabla ya jimbo kuitwa Butembo-Beni. Na huko Oicha, kaskazini ya mji wa Beni, daktari Mmarekani Carl Becker aliijenga hospitali iliyovuta wagonjwa kutoka mbali. Parokia iliandika ubatizo, hospitali iliandika uzazi, na kwa miaka mingi mtu wa huku aliyetakiwa kuthibitisha umri wake au wa mwanawe alikimbilia kwa padre au kwa mchungaji kabla hajamfikiria ofisa wa serikali. Ila cheti cha ubatizo hushuhudia maji yaliyomwagwa siku ya Jumapili fulani. Siku ya kuzaliwa imo humo kwa hisani tu, kama alivyoikumbuka aliyemleta mtoto.

Mwajiri aliingia katika shauri hili kwa njia ya chakula. Dikrii ya mwaka 1922 juu ya mkataba wa kazi ilimtazama mwafrika kama mtu mmoja mwenye mikono miwili. Lakini makampuni makubwa ya madini, na Union Minière ya Katanga ikitangulia mwishoni mwa miaka ya 1920, yaliona kuwa mfanyakazi aliye na mke na watoto hatoroki upesi, yakaanza kumpa posho ya unga kwa ajili ya mkewe na kila mtoto. Huku kwetu, ambako kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs ilikuwa imeweka kituo chake na Butembo ikakua kandokando yake kama soko kandokando ya kambi, somo hilo halikuchelewa kueleweka. Hivyo baba wa Kongo alipotakiwa kwa mara ya kwanza kumthibitishia tajiri wake kuwa amezaliwa mtoto, hakuwa akiomba siku ya kumbeba. Alikuwa akiomba kibaba cha unga. Tajiri aliyetoa unga aliogopa kudanganywa, na hofu ile ilibaki mezani baada ya unga kwisha.

Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 uliwabadilisha wenye meza, na meza ikabaki. Mwaka 1972, Rais Mobutu alipoyapiga marufuku majina ya Kikristo, Pierre Kambale na Joseph Kambale waliokuwa wakifanya kazi katika duka moja wakabaki Kambale na Kambale, ikawabidi kutafuta majina ya mababu ili mshahara usipotee njiani. Mtu wa mbali hawezi kulijua tatizo hili: katika mji ambao kila nyumba yenye wana wawili wa kiume ina Kambale wake, karatasi iliyoandikwa «mke wa Kambale amejifungua» ni kweli tupu isiyomhusu mtu yeyote kwa yakini. Ndiyo maana makarani wa Butembo, ambao wengi wao nao ni akina Kambale, hawaridhiki na jina moja la baba, na katika hilo siwalaumu.

Kisha ikaja Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyoagiza kila uzazi uandikishwe mbele ya ofisa wa hali ya kiraia, na hapo ndipo karatasi mbili zilipotengana rasmi, ijapokuwa mpaka leo watu huzichanganya: ile ya maternite, ambayo ni ushuhuda wa muuguzi kwamba mtoto ametoka tumboni, na ile ya komini, akte yenyewe, iliyo tamko la dola kwamba mtoto huyo ni wa fulani na fulani. Sheria ya mwaka 2016 iliyoirekebisha Kanuni ile imewapa wazazi siku 90 za kwenda kuandikisha. Zikipita, mlango wa kawaida hufungwa na shauri hupelekwa mahakamani. Msomaji na atulize macho yake juu ya hesabu hizi mbili. Siku za baba ni mbili. Siku za kuandikisha ni tisini. Mwajiri amwambiaye baba alete akte kwanza ndipo apumzike, humtaka siku ya kwanza kitu ambacho dola yenyewe imekubali kukingoja miezi mitatu. Na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kuwa, katika Kongo nzima, robo tu ya watoto walio chini ya miaka mitano ndio walioandikishwa.

Wala si uvivu unaowakosesha waliobaki. Sheria ya kazi ya 2002 ilipotiwa saini Kinshasa, Beni ilikuwa makao makuu ya kundi la waasi la RCD-K/ML la Mbusa Nyamwisi, na mtu aliweza kujiuliza kwa haki muhuri upi ni muhuri. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika wilaya ya Beni yamewatimua watu mashambani usiku, na atimuaye mbio na mtoto mgongoni hakumbuki sanduku la karatasi. Tangu Mei 2021, chini ya amri ya hali ya kuzingirwa, viti vya meya katika miji hii miwili vimekaliwa na maofisa wa polisi. Na kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, maradhi ya Ebola yalipoua watu zaidi ya 2,200 hasa katika Beni, Mangina, Butembo na Katwa, hata hospitali yenyewe iliogopwa.

Lakini maradhi hayo yalileta pia, pamoja na dawa na magari meupe, desturi mpya ya ofisi. Zamani kijana wa duka la Butembo alifanya kazi kwa mjomba au kwa mtu wa kanisa lake, na mjomba alizijua habari za uzazi kabla ya baba mwenyewe, kwa kuwa mkewe alikuwa kule maternite akishika taa. Ruhusa ilitolewa kwa neno, pengine pamoja na kuku. Mashirika ya kigeni yaliyoajiri mamia ya vijana wetu hayakuwa na mke wa kushika taa. Yalikuwa na faili. Na wafanyabiashara wetu wakubwa, waliokwisha jifunza Dubai na Guangzhou kuwa bidhaa bila hati ni mzigo wa mwizi, hawakuona taabu kulihamisha fundisho hilo kwa watoto wachanga.

Ni vema tuangalie ng'ambo ya mpaka, maana si mbali. Ukivuka daraja kutoka Kasindi kwenda Mpondwe unawakuta Wakonzo, ndugu wa Wayira kwa lugha na kwa majina. Na huko sheria ya Uganda ya mwaka 2006 humpa baba siku nne, hata mimba ikiwa imeharibika. Kenya tangu 2007 hutoa majuma mawili. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2004, hutoa siku tatu, ikishurutisha zichukuliwe ndani ya siku saba tangu kuzaliwa na mwenye kuzichukua awe baba wa mtoto, jambo ambalo angalau limesemwa waziwazi. Na Ubelgiji, tuliyorithi kwake hata namna ya kuiita likizo hii, ilikuwa na siku tatu, ikazifanya 10 mwaka 2002, mwaka uleule tulioandika mbili zetu, na tangu 2023 ni 20. Mrithi amebaki na nguo ya utotoni, na mwenye mali amekwisha badilisha mara kadhaa.

Basi mwajiri ana haki ya kuomba nini? Ana haki ya kuomba ile karatasi ya maternite, yenye muhuri, yenye tarehe, na yenye majina kamili ya mama. Ana haki ya kujua kuwa mama huyo ni mke wa mfanyakazi wake, kwa kuwa sheria imesema mke. Lakini hilo ni la kuulizwa siku ya kuajiriwa, likaandikwa katika faili mara moja, wala halifai kuulizwa mlangoni, mtu akiwa na damu ya usiku katika nguo na mbuzi wake wa mahari wakiwa walikwisha liwa miaka mitano iliyopita. Akte ya komini ina kazi yake: ni ya posho ya mtoto, ya shule, ya urithi, na baba mwenye akili ataifuata kabla siku 90 hazijatimia, maana asiyeifuata humdhulumu mwanawe kuliko mwajiri yeyote.

Nawasihi basi ninyi mnaokaa nyuma ya meza hizo katika Kimemi na Mususa, katika Bungulu na Mulekera: akija Kambale na kikaratasi kilichokunjwa mara nne, someni tarehe, linganisheni jina la mama na lililo katika faili, mkiandikie nakala, mkirudishe mikononi mwake, na mwacheni aende zake. Siku ya kwanza kati ya mbili imekwisha anza.