Chema Chajiuza?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo niliiamini mpaka mwaka 1986, nilipokuwa kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari katikati ya jiji la Dar es Salaam, nikiwa mhariri wa jarida la wanafunzi.

Katika toleo letu la mwaka ule kulikuwa na makala moja iliyowazidi wahariri wote. Iliandikwa na binti wa kidato cha pili aliyekuwa akitoka Mbagala. Alieleza jinsi makondakta wa daladala walivyowafungia wanafunzi mlango kwa sababu nauli yao ilikuwa ndogo. Jinsi alivyofika shule saa nne na kuchapwa kwa kuchelewa. Na jinsi wazazi wake walivyoanza kusema heri akae nyumbani. Nami niliiweka ukurasa wa 14, nikiamini kuwa chema kitajiuza.

Juu ya jalada tuliweka mwenge, kitabu, jembe, twiga na Mlima Kilimanjaro. Kila mjumbe wa kamati alikuwa na picha yake, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumkatalia mtu. Wakati ule tulichapa kwa stensili. Kwa wasioifahamu, stensili ni karatasi yenye nta. Unaikwangua kwa kalamu ya chuma, na wino hupenya pale palipokwanguliwa. Hupenda mstari mnene na nafasi nyeupe. Haipendi kivuli, na ukiikwangua eneo kubwa huchanika. Yetu ilichanika kabla hatujafika nakala ya hamsini, na Kilimanjaro ukageuka doa la wino.

Karatasi za nakala 200 zilinunuliwa kwa michango ya wanafunzi, na fedha ile ilitakiwa kurudi. Jumamosi moja nikachukua nakala 60 hadi Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, kwa mzee mmoja aliyetandaza magazeti na vitabu vya hadithi juu ya turubai. Hadi alasiri zilikuwa zimeuzwa mbili.

"Kijana, simama pale," aliniambia, akinielekeza hatua tatu mbele ya turubai. "Unaona nini?"

Niliona Sani, jarida la vikatuni la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, lililopata jina lake kwa kuunganisha mwanzo wa majina yao. Herufi nne tu, zilisomeka hata ng'ambo ya barabara. Letu sikuliona.

"Gazeti lako linasema nini?"

"Mambo mengi, mzee."

"Basi halisemi kitu. Mpita njia ana haraka. Mwambie neno moja."

Jumatatu nilimsimulia mwalimu wetu mmoja. Akacheka, kisha akanieleza habari za Cheche.

Chuo Kikuu chetu kilianzia mjini mwaka 1961, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, hatua chache kutoka Kariakoo, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Huko Mlimani, Novemba 1969, wanafunzi wa chama cha kimapinduzi kilichoitwa USARF walianza kutoa jarida lao, nalo lilirudufiwa kwa stensili kama letu. Miongoni mwa wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Walilipa jina la neno moja ambalo hata mtoto wa Kariakoo alilielewa: Cheche. Lakini neno hilo lilikuwa na ndugu mbali. Gazeti la Lenin la mwaka 1900 liliitwa Iskra, yaani cheche, na Ghana ya Nkrumah ilikuwa na The Spark, maana ni ile ile.

Septemba 1970 toleo maalumu lilichapa makala ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini. Novemba mwaka huo huo USARF na Cheche vikapigwa marufuku. Sababu iliyotolewa ilihusu jina: kwamba lilikuwa la Kirusi, na sisi tulikuwa tunajenga Ujamaa wetu wenyewe. Hapana shaka yaliyomo ndani ndiyo yaliyouma, lakini pa kushikia palipatikana juu ya jalada. Jarida lililofuata, chini ya Umoja wa Vijana wa TANU, likaitwa MajiMaji, kwa vita vya 1905 hadi 1907. Jina hilo nani angeliita la kigeni? Miaka 40 baadaye Hirji alihariri kitabu kizima juu ya historia ile, kikachapishwa na Mkuki na Nyota hapa hapa Dar es Salaam.

Nilitoka kwa mwalimu nikiwa na shauku kuliko busara. Nikang'oa majalada yote yaliyobaki. Nikachora mtoto mmoja aliyevaa sare, mlango wa basi umefungwa mbele yake, na juu neno moja: TUMEACHWA. Eneo lililosalia nililiacha jeupe. Katika wiki mbili hatukubaki na nakala hata moja, na michango ilirudi.

Kisha nikaitwa ofisini. Nani aliniruhusu kuianika shule barabarani? Niliadhibiwa, na ikatoka amri kwamba kila jalada lipitishwe kwanza na ofisi. Lakini muhula ule ule viboko kwa waliochelewa kwa sababu ya usafiri vilisitishwa. Jalada la kwanza halikumuudhi mtu, wala halikumsaidia mtu.

Kuna jambo moja ambalo mzee wa Msimbazi hakunifundisha. Yule binti alinisubiri nje ya ofisi. Watu wa mtaani kwao walikuwa wamekwisha kumtambua, na baba yake alikuwa amemhoji kwa nini anasimulia shida za nyumbani kwa wapita njia.

"Kaka," alisema, "ningekubali. Lakini ungeniuliza."

Aliendelea na shule hadi akamaliza kidato cha nne. Mimi nimewasaidia vijana wengi kutengeneza majarida yao tangu hapo. Huwasimamisha hatua tatu mbele ya jalada, kama nilivyosimamishwa. Kisha huwauliza mwenye habari ile ni nani, na kama wamekwisha kwenda kumwonyesha.