Asili ya Neno "Boi"

Wasikilizaji, neno "boi" si geni masikioni mwenu. Kwa Kiingereza huandikwa boy, na mwanafunzi hufundishwa mapema kwamba maana yake ni mtoto wa kiume. Walakini babu zetu hawakulipata neno hili shuleni. Walilipata jikoni na uani kwa Wazungu, na huko maana yake ilikuwa mtumishi wa nyumbani, ajapokuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Basi je, ni maana ipi iliyotangulia?

Wengi watajibu upesi kuwa maana ya mtoto ndiyo ya kwanza, na ile ya mtumishi ilizuliwa huku kwetu. Sivyo. Neno hili lilipoanza kuonekana katika maandiko ya Waingereza, karibu na mwaka 1300, lilikuwa na maana ya mtumishi, au mtu wa hali ya chini. Maana ya mtoto wa kiume ilishika nguvu baadaye.

Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na maneno mengine ya kumwita mtoto wa kiume. Moja ni cnafa. Kutoka mtoto likawa mtumishi, na kutoka mtumishi likawa mtu mwovu, mdanganyifu. Siku hizi huandikwa knave. La pili ni cniht. Nalo lilikuwa mtoto, kisha mtumishi. Lakini mtumishi huyu alipanda farasi akamfuata bwana wake vitani, hata jina lake likawa cheo cha heshima, ambacho mfalme humpa mtu kwa kumgusa mabega kwa upanga. Hilo huandikwa knight. Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiingereza, neno lao Knabe lingali ni mtoto, na Knecht ni mtumishi tu.

Tusiwastaajabie. Kwetu sisi "mtume" na "mtumwa" ni ndugu wa tumbo moja, maana wote wawili wametoka katika "kutuma". Mmoja twamtaja kwa heshima kuu. Mwingine aliuzwa sokoni. Tofauti hiyo haikuletwa na herufi, bali na jinsi watu walivyomtendea aliyetumwa.

Huko kusini mwa Marekani, Wazungu walikuwa na desturi ya kumwita mwanamume mweusi boy, hata akiwa na mvi. Mwezi wa Februari 1968, wazoa taka wapatao 1,300 wa mji wa Memphis waligoma, baada ya wenzao wawili kusagwa na mtambo wa gari la takataka. Walipoandamana walichukua mabango yenye maneno machache, yaani, "Mimi ni mwanamume." Walidai mshahara na usalama wa kazi, lakini pia walidai waitwe kama walivyo. Tarehe 16 Aprili mwaka ule mji ulikubali chama chao na kuwaongezea mshahara.

Basi, mwanafunzi, ufunguapo kamusi usiridhike na maana moja. Uliza pia neno hilo liliitwa na nani, naye akimwita nani. Na umwitapo mtu mzima anayekutumikia, mwite kwa jina lake. Wazee walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.