Fidla Yetu na Miti ya Nyumbani

Katika kijitabu hiki cha jubilei mtasoma habari za waanzilishi wa kwaya, walimu wake na nyimbo zake. Sisi tumepewa nafasi hii tueleze habari za chombo kimoja tu: fidla inayosindikiza sauti zetu. Waumini wengi hutuuliza ilinunuliwa wapi. Haikununuliwa. Ilitengenezwa na fundi seremala, mwanakwaya mwenzetu wa sauti ya besi, kwa mbao za huku kwetu. Ili habari yake ieleweke, yafaa tuanze mbali kidogo.

Chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa upinde si kigeni nchini Kenya. Waluo wana orutu, Wakikuyu wana wandindi, na Waluhya wana shiriri. Vyote ni ndugu wa zeze: kigogo kilichochimbwa ndani, ngozi ya kenge au ya mbuzi iliyowambwa upande mmoja, ufito uliopenyezwa kuwa shingo, na uzi mmoja tu. Upinde nao ulifungwa nyuzi za katani. Fundi wa zamani alipata vifaa vyake vyote karibu na boma lake.

Injili ilipofika, vyombo hivi vilipata mashaka. Kwa kuwa vilizoeleka penye pombe na ngoma za usiku, wamisionari wengi waliviona kuwa mambo ya giza, na aliyebatizwa alitarajiwa kuviweka kando. Kanisani kukabaki kinanda na vitabu vya nyimbo. Hata hivyo Zaburi ya 150, katika Biblia yetu ya Kiswahili, inalitaja zeze miongoni mwa vyombo vya kumsifu Mungu. Pole pole mlango ulifunguka. Mwaka 1958, kule Kamina nchini Kongo, Missa Luba iliimbwa kwa sauti na ngoma za Kiafrika. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia iliyoruhusu vyombo vya wenyeji katika ibada, mradi vifae kwa heshima ya hekalu. Leo kayamba na ngoma vinasikika katika madhehebu mengi, na hakuna anayeshtuka.

Fidla ya Ulaya nayo ilianza kwa miti ya jirani. Katika mji wa Cremona, Italia, Andrea Amati alizitengeneza katika karne ya 16, na baadaye Antonio Stradivari (1644–1737) akazipa sifa ya kudumu. Uso wa fidla zao ulikuwa wa sprusi kutoka milima ya Alps, mti mwepesi lakini mgumu kupinda. Mgongo ulikuwa wa mepoli, ambao mara nyingi ulitoka ng'ambo ya bahari ya Adriatiki. Walitumia miti waliyoweza kuipata, wakaijua vizuri.

Fundi wetu alifuata mkondo huo. Kwa uso alichagua saipresi, mti ambao asili yake ni Mexico lakini umejaa katika mashamba ya nyanda zetu za juu. Kwa mgongo na mbavu alichagua mgrivea, uliotoka Australia ukapandwa huku kuwa kivuli cha kahawa na chai. Ukipasuliwa kuelekea moyo wa gogo, huonyesha mabaka yanayong'aa; lakini vumbi lake huwasha ngozi, na fundi alifanya kazi akiwa amefunika mikono. Vigingi vya kukazia nyuzi ni vya mpingo. Mti huu wa Afrika Mashariki umekuwa ukisikika katika okestra za Ulaya kwa miaka mingi, kwa maana klarineti na obo nyingi hutengenezwa kwa mpingo.

Mfalme Sulemani, tunavyosoma katika 1 Wafalme 10, aliwatengenezea waimbaji vinubi na vinanda kwa miti iliyoletwa na merikebu kutoka Ofiri. Sisi hatukuwa na merikebu, na hata msitu wa karibu ulikuwa umefungwa: Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na katazo hilo lilidumu hadi 2023. Hivyo mbao zetu zilitoka katika mashamba ya waumini.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mbao zilikaushwa kivulini kwanza. Uso ulichongwa hadi kubaki unene wa milimita 3 hivi. Mbavu, nyembamba kama milimita moja, zilipindwa juu ya bomba la chuma lililotiwa moto. Zikaungwa kwa gundi ya ngozi, ambayo huachia kwa maji ya moto. Ndiyo maana ufa ukitokea wakati wa kiangazi, fidla yaweza kufunguliwa na kutengenezwa tena. Ndani, kati ya uso na mgongo, kinasimama kijiti kisichogundishwa. Kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi nne, ambazo pamoja huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 20. Mafundi wa Italia hukiita anima, yaani roho. Kikianguka, fidla hukosa sauti.

Sauti ya fidla yetu si kali kama ya ile ya dukani. Ni nyororo kidogo, na walimu wetu wanasema inakaa vizuri na alto.

Ndugu zetu, fundi huyu sasa amezeeka, na macho yake hayaoni vizuri mstari wa penseli. Vijana wawili wa kwaya wamekubali kujifunza kwake, na mbao za saipresi na mgrivea kwa fidla ya pili tayari zinakauka katika stoo ya kanisa. Ujuzi huu ukizikwa, tutabaki na chombo ambacho hakuna wa kukitengeneza. Kwa hiyo tunawaomba wazazi wawape vijana hawa nafasi, na mwenye shamba, akikata mti mmoja, apande miwili. Kwaya itakayosimama hapa miaka 50 ijayo itahitaji mbao.

Tunamshukuru Mungu aliyetuotesha hapa pamoja na miti hii. Jubilei njema.